Bosi ameniachia farasi wa mbio badala ya mshahara, na sasa mguu umevimba

Palfrenye wa Katuba · 19 Mei

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, kazi yangu ni kutunza farasi, mwaka wa 11 huu. Bosi niliyekuwa namfanyia amerudi kwao. Farasi wazuri aliwauza, akabaki mmoja: dume aliyehasiwa, miaka 8, rangi ya shaba kabisa. Alikimbia mbio Afrika Kusini hadi miaka 5, kisha akaletwa huku kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Bosi alikuwa na deni langu la miezi 3. Siku ya mwisho akanipa kitabu cha hati za farasi, akanishika mkono, akasema tumemalizana.

Mimi namwita Shaba. Jina lake la mbio ni refu, hata yeye haliitikii.

Siku 4 zilizopita watoto walimfukuza uwanjani, akatoka shoti, akajikwaa kwenye kichuguu. Mguu wa mbele wa kushoto, upande wa nyuma, kati ya goti na kifundo, umevimba na kujipinda kwa nje kama ndizi. Una moto. Nikiugusa anaunyanyua. Nimewahi kuona ugonjwa huu kwa farasi wa watu, ila wale waliitiwa daktari, mimi nilishika kamba tu. Unapona?

Na niseme ukweli: nilitaka kumuuza. Kila asubuhi mke wangu ananiuliza kama tutapika bukari (ugali) ya karatasi.

Bisi ya Ruashi · 19 Mei

Una kilo 400 za nyama kwenye parseli (uwanja wa nyumba) na bado unauliza mtakula nini 😂 Samahani papa, natania. Pole.

Saisi wa Ngong · 19 Mei

Pole sana ndugu yangu. Huku Nairobi sisi mnaotuita palfrenye tunaitwa masaisi, nami nimezeekea kazi hiyo. Hilo ni kano la kukunjia mguu, limechanika. Usiangalie uvimbe wa nje tu, shida iko katikati.

Kano lile ni kama mpira wa manati. Farasi akikanyaga linavutika, akinyanyua linamrudishia nguvu, ndiyo maana anaweza kukimbia vile na mwili mzito hivyo. Lakini akipiga shoti kweli kweli, kila hatua kano linafika karibu na mwisho wa uwezo wake, na ndani joto hupanda hadi nyuzi 45. Kwa hiyo huchanika ndani kwanza. Pengine lilikuwa na jeraha la zamani tangu siku za mbio, kichuguu kimemalizia tu.

Leo hii: mfungie ndani. Maji baridi kwenye mguu dakika 20, mara 3 au 4 kwa siku. Kausha, funga bendeji yenye pamba nene, na ufunge miguu YOTE miwili ya mbele, maana ule mzima sasa unabeba mzigo wa mwenzake. Dawa ya maumivu akupimie daktari. Fenilbutazoni ikizidi inachimba tumbo na figo. Na usimpe eti ili atembee vizuri! Maumivu yake ndiyo askari wako wa zamu.

Mzee Kamalondo · 20 Mei

Zamani walikuwa wanachoma mguu kwa chuma cha moto, mistari mistari. Nimeona kwa macho yangu. Farasi walirudi kazini.

Minganga wa Nyama · 20 Mei

Mzee wangu, kwa heshima: walirudi kwa sababu baada ya kuchomwa walipumzishwa mwaka mzima. Kilichoponya ni mapumziko. Chuma kiliongeza kidonda tu, na madaktari wengi wamekiacha.

Palfrenye, mimi ni daktari wa mifugo, niko Lubumbashi pia. Nina mashine ndogo ya ekografi ya kupimia mimba za ng'ombe. Kipimio chake ni cha bapa, kinasoma kano vizuri sana. Lakini usije leo. Siku za kwanza shimo la ndani linaendelea kupanuka, tukipima sasa tutalidharau. Njoo baada ya siku 10 tangu aumie. Umnyoe manyoya nyuma ya mguu, usafishe.

Palfrenye wa Katuba · 22 Mei

Aksanti sana. Maji ya bomba huku ni bahati nasibu, basi nachota ya kisima alfajiri, yakiwa baridi ya kuuma mifupa. Barafu nimepata kwa mama anayeuza samaki tomsoni, wale wa kugandishwa. Ananipa vipande vinavyobaki sandukuni. Sasa mguu wa Shaba unanuka samaki, paka wa avenyu nzima wamehamia kwangu.

Mama Kasapa · 22 Mei

Hahaha! Yaya, usisahau na yeye anakula. Umempa nini? Huku jirani yetu alikuwa na punda, alimpa bukari iliyolala, akafa tumbo limejaa kama ngoma.

Palfrenye wa Katuba · 22 Mei

Mama, hapo umenigusa. Kwa bosi alikula nafaka kilo 5 kwa siku, zinatoka kwenye mifuko ya nje. Mimi nafaka hiyo siiwezi. Nimewaza pumba ya mahindi, mashine ya kusaga iko mlango wa tatu.

Minganga wa Nyama · 22 Mei

Nafaka ipunguze sasa hivi, farasi aliyefungwa ndani haichomi. Lakini punguza polepole, siku 10 hadi 14, vijidudu vya tumboni vizoee. Farasi hatapiki. Kinachoingia vibaya lazima kipite chote, au kimuue.

Chakula chake ni nyasi. Kavu, kiasi cha 2 kwa 100 ya uzito wake kila siku. Pumba kidogo si mbaya, lakini ukimfanyia ndiyo chakula chenyewe utamharibu mifupa. Pumba ina fosfori nyingi na kalsiamu kidogo, mwili utaanza kukopa kalsiamu kwenye mifupa. Mifupa ya uso inavimba na kuwa laini. Zamani farasi wa wasagishaji ndio waliougua hivyo, kwa sababu pumba ilikuwa ya bure, kama kwako. Tafuta majani makavu ya karanga, yana kalsiamu na protini, ila yakiwa na ukungu tupa. Maparachichi usimpe hata jani. Ni sumu kwake.

Mpime uzito kwa kamba ya fundi nguo. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uuzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, ugawe kwa 11,880. Vyote kwa sentimita.

Palfrenye wa Katuba · 23 Mei

Kifua 172, urefu 162. Mtoto wangu wa sekondari amepiga hesabu: kilo 403. Mbavu nazihesabu nikiwa mlangoni. Na mti wa parachichi uko juu ya banda lake! Nimeukata tawi, mwenye parseli amenuna.

Palfrenye wa Katuba · 26 Mei

Nimetoka kwa Minganga. Kwenye kioo kano lisiloumia linaonekana jeupe, limejaa nyuzi nyuzi. La Shaba katikati lina shimo jeusi, kama tobo la panya kwenye muhogo. Dokta anasema karibu theluthi ya unene wake. Hakutaka malipo, alisema nimletee kuku siku nikimuuza. Nimetoka pale sina maneno.

Minganga wa Nyama · 26 Mei

Niandike hapa ili na wengine wasome. Kano halirudi kama lilivyozaliwa. Nyuzi nzuri zimelala sambamba, kama nyuzi za mkeka. Kovu linajazwa kwanza na nyuzi za aina nyingine, dhaifu, zimelala ovyo kama kiota cha ndege. Kinachozifundisha kulala upande mmoja ni kuvutwa kidogo kidogo kila siku. Ukimfungia miezi 6 bila kumtembeza, kiota kitabaki kiota. Ukimwachia uwanjani mapema, kitapasuka na shimo litakuwa kubwa kuliko la kwanza.

Kwa hiyo: wiki 2 zaidi bandani. Kisha kumtembeza kwa kamba, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, ardhi ngumu iliyo sawa, si mchanga wala matope. Kila wiki ongeza dakika 5. Tunapima tena baada ya miezi 3, na pima hiyo ndiyo itakayosema kama anaanza troti, mwendo ulio kati ya kutembea na shoti. Si macho yako, wala furaha yake. Shoti tutaizungumza mwakani.

Bisi ya Ruashi · 26 Mei

Mwakani?? Papa, hata mpenzi sijawahi kumngoja hivyo.

Saisi wa Ngong · 27 Mei

Na kwato. Angalia vidole vya kwato, najua utakuta virefu na visigino vimelala. Farasi wengi wa mbio wanafugwa hivyo. Kidole kirefu kinalivuta kano kila hatua. Tafuta fundi avirudishe nyuma kidogo kidogo, kila wiki 5. Asikate vyote siku moja, nyayo za farasi hawa ni nyembamba.

Palfrenye wa Katuba · 3 Julai

Habari za Shaba. Tunatoka saa 11 na nusu alfajiri, kabla magari hayajaamka. Baridi ya Julai mnaijua. Tunapishana na watu wa makala wanaosukuma baiskeli kutoka porini, gunia 3, 4 kila moja. Siku ya kwanza waliruka mtaroni, sasa wananisalimu: “Mukubwa, leo dakika ngapi?” Leo ni 25.

Nimejifunza kitu. Farasi huyu amepita mbele ya watu maelfu wanaopiga kelele, lakini anaogopa mbuzi. Anaogopa kuwa peke yake kuliko vyote. Tangu utoto amelala safu moja na wenzake, amefanya mazoezi na wenzake. Usiku anagonga mlango. Nimemwekea mbuzi mmoja jike bandani, wiki ya pili sasa, na kugonga kumekwisha. Mbuzi analala mgongo kwenye mguu mbovu. Sijui nani kamwambia.

Kifua 176.

Mama Kasapa · 3 Julai

Nimemsomea mume wangu kipande cha mbuzi. Tuwekee foto.

Palfrenye wa Katuba · 21 Agosti

Wakubwa, nahitaji shauri, na leo.

Jana amekuja mtu kutoka upande wa Likasi. Ameona Shaba akitembea: manyoya yanang'aa, mguu hauna moto, hachechemei kabisa. Uvimbe umebaki kidogo, mtu asiyejua hauoni. Anataka kumpanda mwenyewe, kwenda kuangalia mashamba, na ana haraka. Ametoa dola 1,500. Deni la bosi lilikuwa 450. Hakuuliza lolote kuhusu miguu. Aliuliza umri na kama anapiga teke.

Karo ya shule inalipwa Septemba. Pima ya pili ni kesho kutwa. Nikinyamaza, sijasema uongo.

Bisi ya Ruashi · 21 Agosti

Uza. Yeye ni mtu mzima, angeuliza. Nani alikuuliza wewe ulipoachiwa?

Mzee Kamalondo · 21 Agosti

Soko ni soko. Gari la mkono wa pili nani anakwambia injini ilifunguliwa?

Saisi wa Ngong · 21 Agosti

Gari likikatika barabarani halilii.

Ndugu, miezi 3 ndiyo hatari kuliko siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu anaona ni mgonjwa. Leo mguu unadanganya: nje umepoa, ndani kovu bado changa. Huyo bwana atampandia, kilo 90 na tandiko, farasi aliyepumzika miezi 3 atajisikia mtoto, atapiga shoti, na kano litakwenda lote. Atakupigia simu wewe. Halafu na wewe utafute kazi kwa wenye farasi Lubumbashi nzima, mko wangapi huko?

Mama Kasapa · 21 Agosti

Mimi nasema mwambie mke wako kwanza. Msiamue mambo ya karo kwenye intaneti na watu wasio na majina.

Palfrenye wa Katuba · 24 Agosti

Pima imefanyika. Shimo jeusi limekuwa la kijivu, linajaa. Dokta amesema dakika 5 za troti kwa siku, mstari ulionyooka, na hakuna mtu mgongoni hadi itimie miezi 6 tangu aumie.

Nikampigia yule bwana nikamwambia yote. Nikamwonyesha na picha ya ekografi kwa simu. Akanyamaza, akasema “aksanti kwa ukweli,” na namba yake haishiki tena. Mke wangu hakusema neno jana yote. Leo asubuhi akasema: “Basi huyo mbuzi akizaa, watoto ni wangu.” Karo ya awamu ya kwanza nimekopa kwa shemeji.

Minganga wa Nyama · 25 Agosti

Kuku wangu ameondoka na dola 1,500 😅 Umefanya vizuri. Sasa nimepata kwa mkulima mmoja mwenye friji ya kuaminika chanjo ya tauni ya farasi, ile ya Onderstepoort, Afrika Kusini. Ni chupa mbili tofauti, sindano ya kwanza na ya pili zipishane wiki 3 au zaidi. Tumchanje sasa wakati wa ukavu. Mvua zikija na vijimbu, wadudu wadogo wanaoieneza, tutakuwa tumechelewa.

Palfrenye wa Katuba · 6 Desemba

Nilipotea, simu ilikufa. Shaba yuko salama. Mvua imeanza, basi nafungia kabla jua halijazama na sifungui hadi jua likolee, kwa sababu vijimbu wale wanauma jioni na alfajiri. Nimeziba madirisha kwa nyavu za mbu za kulalia (za zamani, msinipigie kelele). Nilimwona farasi mmoja wa tauni nikiwa kijana: mashimo juu ya macho yamefura, povu linatoka puani kama sabuni, saa chache kakwisha. Sirudii kuona.

Mwezi uliopita nimepanda mgongoni mara ya kwanza. Kutembea tu. Hapo ndipo niliona kuwa mguu ulikuwa nusu ya kazi. Farasi wa mbio hajui kusimama ukipanda, amezoea kurushiwa joki (mpanda farasi wa mbio) huku anatembea. Ukivuta hatamu yeye haelewi “simama.” Kwenye mbio joki akikaza hatamu, farasi anaegemea lijamu na kuongeza mwendo. Kwa hiyo mtu mwoga atavuta, farasi atakwenda, mtu atavuta zaidi. Nimemfundisha upya: nikipumua nje na kukaa zito, anasimama. Imenichukua wiki 3 za kurudia hivyo hivyo tu. Mguu wa mpandaji ubavuni hakuujua kabisa, aliruka kama ameumwa na nyuki.

Kifua 180. Kilo 442.

Saisi wa Ngong · 6 Desemba

Hongera saisi mwenzangu. Hiyo ya kupumua wengi wanalipia pesa kufundishwa.

Palfrenye wa Katuba · 11 Februari

Pima ya mwisho: kano limejaa, nyuzi zimelala vizuri kiasi, ila ni nene kuliko la kulia na litabaki hivyo. Natafuta nyumba sasa. Tangazo nimeandika hivi, nisomeeni:

“Farasi, miaka 9, mpole, anaogopa mbuzi asiowajua. Aliumia kano la mguu wa mbele wa kushoto Mei mwaka jana, picha zote ninazo. Anafaa kutembea, troti, na kukimbia polepole. Hafai kuruka, hafai mashindano, hafai mtu wa zaidi ya kilo 70, hafai kukaa peke yake. Atakayemchoka anirudishie mimi kwanza, asimuuze.”

Bisi ya Ruashi · 11 Februari

Papa, hilo ni tangazo la kuuza au la kufukuza? Mimi nina mtu wa arusi, anataka farasi mweupe au hata wa rangi hii, avute kigari cha maharusi mjini siku ya Jumamosi. Analipa vizuri.

Palfrenye wa Katuba · 11 Februari

Lami saa 8 mchana, kigari nyuma, ngoma na honi pembeni. Hapana mdogo wangu. Lakini umenikumbuka, aksanti.

Mukulima wa Kafubu · 14 Februari

Jambo. Nasoma uzi huu tangu Agosti bila kuandika. Nina shamba njia ya Kafubu na farasi jike mzee aliyebaki peke yake tangu mwenzake afe. Binti yangu ana miaka 14, kilo 48, amepanda huyo mzee miaka 5 na hana papara. Tunaweza kuja kumwona? Dola 1,500 sina.

Palfrenye wa Katuba · 9 Aprili

Niliogopa kuandika kabla haijakamilika.

Walikuja mara 4. Mara ya kwanza binti hakupanda kabisa, alisafisha banda, akaulizia mguu, akauweka mkono wake juu ya kano akanyamaza. Mara ya pili nilimwacha apande, Shaba akaegemea lijamu kidogo, mtoto akaachia hatamu badala ya kuvuta. Sikumwambia. Baba yake aliomba majaribio ya wiki 4 shambani, nikakubali, dokta akaenda kukagua uzio na nyavu. Jike mzee alimpigia kelele siku 2, siku ya tatu wakawa wanafukuziana nzi kwa mikia.

Bei ni dola 600, kwa mafungu 3, na mimi naenda Jumatano na Jumamosi kulipwa kama mtunzaji. Karatasi tumeandika, na ile ya kunirudishia kwanza imo. Fungu la kwanza nimemlipa shemeji. Minganga, kuku wako ni jogoo mweusi, mfuate mwenyewe, mimi ananishinda kumkamata.

Mama Kasapa · 9 Aprili

Na mbuzi??

Palfrenye wa Katuba · 9 Aprili

Alikwenda naye kwenye lori, bila yeye Shaba hakupanda. Amezaa mapacha huko Kafubu. Mke wangu amesema ahadi ni ahadi, Jumamosi tunakwenda wote wawili kuwachukua.